Maboksi ya spika Temeke: Biashara inayolindwa na hewa

SOKO la spika ndogo za nyumbani jijini Dar es Salaam limeshachukuliwa na bidhaa za viwandani, nyingi zikitoka China. Sabufa iliyokamilika, yenye amplifaya, rimoti na taa za rangi, inauzwa Kariakoo ikiwa ndani ya katoni yake. Hakuna seremala wa Tandika wala Mtoni anayeweza kuitengeneza kwa bei hiyo na akabaki na cha kuweka mfukoni.

Hata hivyo, maboksi makubwa ya mbao, yale ya spika za inchi 12, 15 na 18 yanayopigwa kwenye harusi, vigodoro, mikutano ya injili na magari ya matangazo, bado yanatengenezwa uswahilini. Mfanyabiashara anayetaka kuingiza mtaji katika kazi hii hana budi kwanza kuelewa kwa nini upande mmoja wa soko umekufa na mwingine uko hai.

Sababu yake ni gharama ya usafiri, wala si uzalendo wa mteja. Boksi la spika ni hewa iliyozungushiwa ubao, na nauli ya meli hutozwa kwa nafasi. Hesabu yake ni rahisi. Kontena la futi 20 lina nafasi ya ndani ya mita za ujazo 33 hivi. Boksi la spika ya inchi 12 lenye kimo cha sentimita 60, upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 40 linachukua mita za ujazo 0.096. Hata yakipangwa bila kuachwa upenyo wowote, kontena haliwezi kubeba zaidi ya maboksi 343.

Spika yenyewe, ikiwa tupu ndani ya katoni ya sentimita 34 kwa 34 kwa 17, inachukua karibu sehemu moja ya tano ya nafasi hiyo. Kwa hiyo mwagizaji mwenye akili huleta spika tupu, na kazi ya kuijengea nyumba inabaki kwa fundi wa hapa. Kwa boksi la inchi 18, ambalo mara nyingi huzidi robo ya mita ya ujazo, tofauti inakuwa kubwa zaidi. Kwa ufupi, kadiri boksi linavyokuwa kubwa ndivyo seremala wa Temeke anavyokuwa salama.

Soko lilivyokua

Kazi hii ilipata nguvu baada ya milango ya biashara kufunguliwa. Mwaka 1984 serikali iliruhusu waagizaji kutumia fedha zao wenyewe za kigeni, na katika miaka ya Rais Ali Hassan Mwinyi, 1985 hadi 1995, redio, deki za kaseti na amplifaya zilianza kupatikana madukani bila kibali cha kujuana. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua njia kwa vituo binafsi, na mwaka 1994 Radio One na ITV zikaingia hewani. Muziki ukawa mwingi, na mwenye baa, kinyozi na dereva wa daladala wote wakataka sauti ya kuvutia wateja.

Mitaani nako ulikuwepo mchiriku, muziki wa ngoma na kinanda kidogo cha Casio, uliohitaji kupigwa kwa sauti kubwa nje, usiku, bila ukumbi. Kundi la Jagwa Music lilifikisha muziki huo Ulaya kwa albamu yake ya 2012, Bongo Hotheads. Baadaye ikaja singeli, ambayo ilipata wasikilizaji wa nje mwaka 2017 kupitia mkusanyiko wa Sounds of Sisso uliotokana na studio ya Sisso, Mburahati. Mchiriku na singeli ni muziki wa uwanja na uchochoro kabla ya kuwa muziki wa sebuleni, na uwanja hautoshelezwi na sabufa ya mezani.

Temeke ina nafasi nzuri katika biashara hii. Keko, inayojulikana nchi nzima kwa samani, iko ndani ya manispaa hiyo, hivyo mafundi wa mbao wapo jirani. Kariakoo, zinakopatikana spika tupu, waya na amplifaya, iko mwendo mfupi wa daladala. Na wateja, yaani wenye vikundi vya muziki, ma-MC na wakodishaji, wanaishi Mbagala, Tandika, Yombo na Mtoni.

Shiti moja, jozi moja

Faida ya fundi huanzia kwenye ukataji. Shiti ya plaiwudi au MDF ya futi 8 kwa 4 ina urefu wa sentimita 244 na upana wa sentimita 122. Tuchukue lile boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40, kwa ubao wa milimita 18.

Shiti ikipasuliwa kwa urefu inatoa mikanda mitatu ya sentimita 40, na msumeno unakula sehemu ndogo iliyobaki. Mkanda wa kwanza unatoa mbavu 4 za sentimita 60. Mkanda wa pili unatoa vipande 4 vya juu na chini vya sentimita 36.4, pamoja na uso mmoja wa sentimita 56.4. Mkanda wa tatu unatoa nyuso 3 zilizobaki, ambazo pamoja na ule mmoja ni mbele na nyuma za maboksi mawili. Nyuso hizo hupunguzwa upana kutoka sentimita 40 hadi 36.4 ili ziingie katikati ya mbavu. Masalia mawili, moja la sentimita 40 hivi na jingine la sentimita 73 hivi, yanatosha kukatia mihimili ya ndani. Shiti moja imetoa jozi moja na hakuna kilichotupwa.

Sasa fundi huyo huyo aamue kwa macho tu kupandisha kimo hadi sentimita 75 ili boksi "lionekane". Mbavu 4, vipande 4 vya juu na chini na nyuso 4 sasa vinahitaji mkanda wa sentimita 731 kabla ya kuhesabu kinacholiwa na msumeno, wakati mikanda mitatu ina sentimita 732 tu. Haitoshi. Atanunua shiti ya pili kwa ajili ya kipande kimoja au viwili, na faida ya jozi hiyo imekwenda. Mwekezaji anayemdhamini fundi aombe kuona mchoro wa ukataji kabla ya kutoa fedha za mbao.

Hewa ya ndani nayo ina kipimo

Wateja wengi hudhani boksi ni pambo la kushikia spika. Si hivyo. Spika inaposukuma hewa mbele, inavuta hewa nyuma kwa wakati ule ule. Katika sauti nzito, mawimbi hayo mawili yakikutana yanauana, na besi inapotea. Kazi ya kwanza ya boksi ni kuyatenganisha. Kazi ya pili ni kuifanya hewa iliyofungiwa ndani ifanye kazi kama springi.

Maarifa haya si siri. Spika ya koili kama tunayoijua leo ilielezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa Marekani mwaka 1925. Boksi lenye tundu la besi lilipewa hataza ya Albert Thuras mwaka 1932. Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na Richard Small katika miaka ya 1970, waliweka hesabu inayomwezesha fundi kujua ukubwa wa boksi kabla ya kukata ubao. Hesabu hiyo inahitaji namba tatu za spika husika: Fs, Qts na Vas. Spika yenye heshima huja na karatasi ya namba hizo. Isiyokuja nayo inamlazimisha fundi kubahatisha, na gharama ya kubahatisha ni shiti.

Boksi letu la mfano lina ujazo wa ndani wa lita 74.7. Ukitoa nafasi ya spika, mihimili na bomba, zinabaki lita 70 hivi. Kwa ujazo huo, tundu moja la bomba la plastiki lenye upenyo wa ndani wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 9 linaliweka boksi kwenye mtetemo wa hezi 45 hivi. Kulishusha hadi hezi 40 kunahitaji bomba la sentimita 13 hadi 14. Tofauti ya bei ya bomba ni ndogo mno, lakini tofauti ya besi inasikika mtaa wa pili. Tundu linalotobolewa kwa kuangalia boksi la jirani, bila kujali ujazo, ndilo linalozaa sauti ya "debe" ambayo mteja hulalamikia bila kujua chanzo chake.

Jambo jingine ni kuvuja. Kila ungo upakwe gundi ya mbao kwa urefu wake wote na ubanwe mpaka ikauke; misumari peke yake haizibi hewa. Njia rahisi ya kukagua ni kupiga besi ya taratibu huku udi unaofuka ukipitishwa kwenye maungio. Moshi ukicheza mbali na tundu, boksi linavuja, na mnunuzi ana haki ya kulirudisha.

Ubao wa kuchagua

Mninga na mkongo ni mbao nzuri kwa kitanda na mlango, lakini upana wa boksi la spika hauzifai. Mbao halisi hutanuka na kusinyaa kufuata unyevu wa pwani, na ubao mpana ulioungwa hufunguka kwenye viungo. Aidha, mbao za misitu ya asili zinatakiwa ziwe na vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na mzigo usio na karatasi unaweza kukamatwa ukiwa njiani.

MDF ni nyororo na hupokea rangi vizuri, lakini ni nzito. Boksi moja la mfano wetu hufikia kilo 15 hadi 16 kabla ya kufungwa spika, na likilowa mvua kingo zake huvimba na hazirudi. Chipbodi ni rahisi zaidi, ila skrubu hulegea haraka spika inapofunguliwa na kufungwa mara kwa mara. Plaiwudi ni ghali kuliko hizo, lakini ni nyepesi, inashika skrubu na inavumilia kupakiwa na kushushwa kwenye Canter kila wikiendi. Kwa maboksi ya kukodisha, plaiwudi hurudisha tofauti ya bei kwa kuishi muda mrefu. Kwa maboksi ya baa yasiyohama, MDF inatosha.

Popote spika inapofungwa, bolti yenye nati upande wa ndani ni bora kuliko skrubu ya mbao. Spika za kazi huungua koili, na lazima zitatolewa.

Umaliziaji ndio unaouza

Mnunuzi hawezi kuona lita wala hezi. Anachoona ni rangi, kona na wavu wa mbele. Hapa ndipo mafundi wengi hodari wa sauti wanapoteza fedha.

Umaliziaji wa vanishi au rangi ya kung'aa unaanza na msasa mkali wa namba 80, kisha 120, kisha 240. Vichwa vya skrubu huzibwa kwa puti. Kingo za MDF hunywa rangi kama sponji, hivyo zinapakwa kizibio kwanza na kupigwa msasa tena. Vanishi hupakwa mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukisubiri uliotangulia ukauke. Mkono mmoja mzito hutiririka na kuacha machozi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, vanishi ya kupulizwa inayokauka haraka hushika unyevu na kufanya ukungu mweupe. Fundi anayejua kazi hangojei bahati: hupuliza mchana kunapokuwa na jua, au huahirisha.

Umaliziaji wa kapeti ni mwepesi. Boksi hupakwa gundi ya moto ile ya mafundi viatu, kapeti jeusi hunyooshwa, hukatwa kwenye kingo, kisha zinafungwa kona za chuma na vishikio. Kapeti huficha makosa madogo ya msasa na huvumilia mikwaruzo. Tahadhari moja ni ya lazima: gundi hiyo na thina hushika moto upesi, na banda lililojaa makapi ya mbao haliwezi kuokolewa. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na jiko la mama ntilie na mtu mwenye sigara.

Mzunguko wa mtaji

Swali la mwekezaji si umaliziaji upi ni mzuri, bali ni upi unaorudisha fedha upesi. Tuchukue hesabu ya mfano tu, isiyo bei ya soko. Mtu ana Sh 100,000. Akiziweka kwenye boksi la vanishi la sebuleni, anapata faida ya asilimia 40, lakini kazi, kukauka na kungoja mteja vinachukua siku 30. Akiziweka kwenye boksi la kapeti la oda, anapata asilimia 18 kwa siku 10. Kwa mwezi, wa kwanza ana faida ya Sh 40,000. Wa pili amezungusha mara tatu na ana Sh 54,000.

Funzo ni kwamba asilimia ya faida pekee haisemi ukweli wote. Boksi zuri lililokaa dukani miezi miwili ni mtaji uliolala. Kwa hiyo ni busara boksi la vanishi litengenezwe kwa oda yenye malipo ya awali yanayofunika mbao na gundi, na la kapeti litengenezwe kwa akiba ndogo.

Anayenunua maboksi ili akodishe ana hesabu tofauti: agawe gharama yote ya seti kwa fedha inayobaki baada ya kila shughuli, yaani baada ya kulipa gari, wapiga muziki na umeme wa jenereta. Mfano, seti ya Sh 1,200,000 inayobakiza Sh 40,000 kwa shughuli inahitaji shughuli 30 kabla ya kuanza kuzaa faida. Akipata mbili kwa wiki, ni wiki 15, bila kuhesabu spika itakayoungua katikati.

Msimu na sheria

Wiki hizo 15 haziendi mfululizo. Harusi za Temeke hujaa katika Shaabani na baada ya Idd, na hukauka mwezi wa Ramadhani. Kwa Wakristo, Kwaresima nayo hupunguza shughuli. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kalenda ya mapato ya mwaka jana haifai kunakiliwa. Mwenye mkopo apange marejesho yake kwa kufuata misimu hii, la sivyo atalipa deni kutoka kwenye mtaji. Miaka ya uchaguzi, kwa upande wake, huleta magari ya matangazo na mikutano ya hadhara.

Hatari kubwa zaidi ni kelele. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, pamoja na kanuni za kelele na mitetemo za 2015, inaweka viwango vya sauti kwa maeneo ya makazi kwa mchana na usiku. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) limewahi kutoza faini na kufungia baa kwa kosa hilo, na vigodoro vimepigwa marufuku zaidi ya mara moja na viongozi wa maeneo. Mteja wa baa akifungiwa, oda yake ya maboksi 4 imekufa, na deni lake kwa fundi huwa la mwisho kulipwa. Ndiyo maana kumkopesha mwenye baa ni kuingia ubia naye katika hatari ya sheria.

Kwa upande wa mtaji, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa 2024. Kikundi chenye mchoro wa ukataji, hesabu ya gharama na oda za maandishi kina la kuonyesha mezani. Kwa ujuzi, chuo cha VETA kipo Chang'ombe, ndani ya Temeke, na SIDO imekuwa ikisaidia viwanda vidogo tangu 1973.

La kuzingatia

Wanunuzi wasidanganywe na wati elfu kadhaa za PMPO zinazoandikwa kwenye makatoni. Namba ya kuuliza ni ya RMS, yaani mzigo ambao spika inaweza kuubeba mfululizo. Wawekezaji wadogo wakae mbali na maboksi madogo ya mezani, kwani huko meli imeshashinda. Waingie kwenye makubwa, wakisimamia mambo matatu: shiti moja itoe jozi moja, ujazo na tundu vipimwe, na hakuna boksi linalotoka bandani kabla ya malipo kukamilika.

Siku usafiri wa baharini utakapokuwa rahisi kiasi cha kuleta hewa kutoka China, hesabu hii itabadilika. Hadi siku hiyo, boksi la inchi 18 ni mali ya fundi wa hapa, na atakayemshinda si mgeni bali ni jirani yake anayepima vizuri zaidi.